Lori la Otomatiki: Wakati wa Kubadili Gia na Kiasi cha Mizunguko ya Injini

Bwana mkulima, mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, mazao mengi yalitoka shambani kwa mkokoteni wa punda au kwa lori la kukodi. Leo vikundi vingi vya wakulima vina lori lao wenyewe, na baadhi ya malori na pikapu hizo, hasa zilizotumika kwanza Japani, ni za otomatiki. Dereva hana klachi ya kukanyaga. Anaweka wenzo kwenye D, anakanyaga mafuta, na gari linabadili gia lenyewe.

Jambo hili ni jema, lakini limeleta maneno mengi. Mwenye lori huona gari limechoka mlimani, akaambiwa na fundi wa kando ya barabara, “Ngoja nilifungulie mizunguko.” Yafaa ujue maana ya maneno hayo kabla ya kutoa fedha, kwa maana injini ikivunjika ni kikundi kizima kitakacholipa.

Kwanza tuelewe mizunguko. Ndani ya injini kuna chuma kinachozunguka, nasi huhesabu kinazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Injini ya dizeli ya lori dogo, ikiwa gari limesimama bila mzigo wa mafuta, huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Ukiikanyagia mafuta yote itafika pengine 3,000 na zaidi, kisha haitapita hapo hata ukikanyaga namna gani. Kinachoizuia ni gavana. Katika pampu ya dizeli ya namna ya zamani gavana ni vipande vya chuma vinavyozunguka. Mwendo ukizidi vinafunguka kwa nje na kuvuta wenzo unaopunguza dizeli. Wazo hilo ni la zamani sana: James Watt alitumia mipira miwili ya namna hiyo katika mtambo wa mvuke mwaka 1788. Katika magari mapya kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo.

Sasa, katika pampu ya zamani kuna skrubu ya mwisho wa mizunguko, na kwa kawaida imefungwa kwa waya na risasi ili mtu asiiguse. Hiyo ndiyo fundi wetu anataka kuifungua. Je, lori litapata nguvu? Hapana. Injini ya dizeli huvuta kwa nguvu zaidi katikati ya mizunguko yake, si mwishoni. Lakini hatari huongezeka upesi, maana nguvu inayovuta pistoni na vyuma vyake haiongezeki sawasawa na mizunguko, bali kwa mizunguko mara mizunguko. Mizunguko ikitoka 3,200 kufika 4,000 imeongezeka kwa robo moja tu. Fanya hesabu: 1.25 mara 1.25 ni 1.56. Kila chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini kinavutwa kwa nguvu iliyozidi ya kwanza kwa zaidi ya nusu, na springi za valvu zinaweza kushindwa kuzifunga kwa wakati. Hapo pistoni hugonga valvu. Basi skrubu hiyo ni ya kuachwa, isipokuwa pampu imepelekwa kwa mafundi wenye mashine ya kuipima.

Hapa watu huchanganya vitu viwili. Kifaa cha kuzuia mwendo, ambacho kanuni za mwaka 2003 zilitaka kiwekwe katika magari ya abiria na malori mazito ya biashara, kinazuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Hicho hutazama mwendo wa barabarani, nayo gavana ya pampu hutazama injini. Lori linaweza kwenda kilomita 40 tu kwa saa huku injini yake inazunguka kupita kiasi.

Tuje sasa kwenye gia. Giaboksi ya otomatiki inajuaje wakati wa kubadili? Inauliza mambo mawili: gari linakwenda mwendo gani, na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ukikanyaga kidogo, hupandisha gia mapema. Ukikanyaga sana inafahamu una mzigo au una haraka, nayo husubiri mpaka mizunguko iwe mingi. Ukikanyaga mpaka chini kabisa hurudisha gia ya nyuma ili kukupa nguvu. Katika giaboksi za zamani habari ya mafuta hupelekwa na kebo itokayo kwenye kabureta au pampu, au na chombo kinachofyonzwa na injini ya petroli. Katika mpya hupelekwa kwa umeme.

Tuseme gia ya kwanza ni 2.8 na ya pili ni 1.5. Giaboksi ikipandisha gia injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, injini itashuka mpaka kama 1,600, na hapo bado ina nguvu ya kuvuta. Lakini ikipandisha kwenye 2,000, injini itaanguka mpaka kama 1,070. Ukiwa na magunia 60 ya viazi ya kilo 50, yaani kilo 3,000, lori litatetemeka na kuchoka. Hiyo ndiyo sababu ya kutengeneza wakati wa kubadili gia; si ubishi wa mafundi.

Ikiwa gari lako lina kebo, tatizo mara nyingi ni hiyo kebo. Ikilegea, gia hupanda mapema, na jambo baya zaidi ni kwamba msukumo wa oili ndani ya giaboksi hupungua, kwa hiyo klachi za ndani huteleza na kuungua. Ikikazwa mno, gia huchelewa kupanda na hupiga kwa kishindo. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990 hupimwa hivi: mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame nafasi iliyo kati ya mwisho wa mpira wa kebo na kifungo kidogo kilichobanwa juu ya waya. Nafasi hiyo isipite milimita 1. Kama imezidi, legeza nati mbili, sogeza kebo, kisha kaza. Kazi yenyewe yataka spana na subira, na fundi mwaminifu hatakosa kukuonyesha alichofanya. Kwa gari la namna nyingine fuata kitabu chake.

Kabla ya kugusa kebo, pima oili. Katika giaboksi nyingi hupimwa gari likiwa mahali sawa, lina joto, injini inazunguka na wenzo uko kwenye P. Oili ikiwa nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua, kebo peke yake haitaponya ugonjwa.

Sisi tunaoishi juu tuna shida nyingine. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na huko hewa imepungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Tena, gari la petroli lenye kile chombo kinachofyonzwa hudanganyika: hewa ikiwa nyepesi, chombo hudhani mzigo ni mkubwa, kikachelewesha gia. Kwa hiyo gari lililotengenezwa vizuri Mombasa linaweza kuonekana baya Njabini, na wala si fundi wa Mombasa aliyekosea.

Mlimani utaona pia giaboksi inapanda gia, inashindwa, inashuka, inapanda tena. Hiyo huchemsha oili. Usikaze kitu. Zima gia ya juu kabisa kwa kile kidude cha O/D, au weka wenzo kwenye 2, na gari litatulia. Dereva wengi wa otomatiki hawajagusa wenzo huo tangu walipojifunza kuendesha! Wanadhani D ni ya kila mahali.

Jambo kubwa kuliko yote ni mteremko. Watu hudhani gavana italinda injini kila mahali. Gavana hukata dizeli tu. Lori lenye mzigo likishuka kutoka Kinangop kwenda Naivasha, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hakuna dizeli ya kukata. Injini inaweza kupita kiasi chake huku mguu wa dereva hauko kwenye mafuta kabisa. Basi punguza mwendo kwa breki kwanza, ukiwa bado juu, ndipo uweke 2. Ukiisha kuiweka, injini itashika gari na breki hazitaungua.

Mwendo upi unafaa kwa gia ya pili? Piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma lori mpaka tairi lizunguke mara moja, upime. Tuseme ni mita 2.4, difu ni 5, na mwisho wa mizunguko ni 3,200. Gawa 3,200 kwa 1.5, utapata 2,133. Gawa kwa 5, utapata 427. Zidisha kwa 2.4, utapata mita 1,024 kwa dakika; mara 60 ni kilomita 61 kwa saa. Otomatiki huteleza kidogo, kwa hiyo hesabu hii ni ya karibu tu. Usiweke 2 ukiwa na kilomita 75, bali shuka chini ya 55. Andika namba ya lori lako kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva. Ukibadilisha matairi na kuweka makubwa zaidi, pima tena.

Zoezi: kwa lori hilo hilo, gia ya kwanza ikiwa 2.8, mwisho wa mwendo ni nini? Jibu: karibu kilomita 33 kwa saa.