Nani anaidhinisha vita? Kusoma Kifungu cha 86 kwa Kiswahili

Kifungu cha 86 cha Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ni sentensi moja, na mtenda wake ni mmoja: Rais wa Jamhuri ndiye anayetangaza vita, kwa amri iliyojadiliwa katika Baraza la Mawaziri. Wengine wote wamewekwa nyuma ya neno la Kifaransa « après », tena kwa nomino mbili: « avis » ya Baraza Kuu la Ulinzi, na « autorisation » ya Bunge la Taifa na Seneti. Kifungu cha 143 kinarudia utaratibu huohuo na kuongeza kwamba Rais atawajulisha wananchi kwa ujumbe.

Nilianza kuzichunguza nomino hizi kwa sababu ya swali. Mwanzoni mwa 2025, habari za kuanguka kwa Goma zilipofika Kamina, mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mtoto wake ni askari, aliniuliza: « Vita hii, balisha kuiruhusu? » Mji wetu unaishi karibu na kambi kubwa ya jeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo swali kama hilo halishangazi mtu. Mimi lilinishika kwa ajili ya kiambishi. Ba- ya Kiswahili chetu cha Katanga, ambayo wenzetu wa pwani wangeiweka wa-, haikutaja mtu yeyote. Ni wabunge? Ni mawaziri? Ni « wakubwa » tu? Mama alijua kwamba lazima mtu aruhusu. Sarufi yake ilimwachia nafasi ya mtenda, na nafasi hiyo ilikuwa tupu.

Kifaransa hakikuhitaji hata nafasi hiyo. « Autorisation » ni kitenzi kilichovishwa nguo ya nomino: tendo lipo, lakini anayelitenda amesukumwa nyuma, akiwa kijalizo tu. Kibaya zaidi, « avis » na « autorisation » zinategemea « après » ileile, kana kwamba zina uzito sawa. Hazina. Rais anaweza kusikiliza ushauri na kuuacha. Akinyimwa « autorisation », hana njia ya kutangaza. Anayefasiri « baada ya ushauri na ruhusa » ameihamisha kasoro hiyo nzima kwetu. Mimi napendekeza: « baada ya kupata ushauri wa Baraza Kuu la Ulinzi, na baada ya Bunge la Taifa na Seneti kuidhinisha ». Hapo mabaraza mawili yanapata kitenzi chao wenyewe.

Kwa nini kuidhinisha, wakati mama yule alisema kuruhusu? Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini matumizi yameyatenganisha. Ruhusa huombwa na mdogo: mwanafunzi anaomba ruhusa ya kutoka darasani, mfanyakazi anaomba ruhusa ya msiba. Kuidhinisha hufanyiwa jambo lililoletwa mezani, kama bajeti, na lisipoidhinishwa halina nguvu. Ndiyo maana kuidhinisha kunalifaa bunge kuliko kuruhusu.

Tanzania imefuata njia nyingine, na Katiba yake ina faida ya kusomwa kwa Kiswahili. Ibara ya 44 (sisi tunasema kifungu, wao ibara) inampa Rais uwezo wa kutangaza kuwapo kwa hali ya vita. Kisha anapeleka nakala kwa Spika, naye ndani ya siku 14 anaitisha Bunge lifikirie kama lipitishe azimio la kuunga mkono. Angalia vitenzi: kutangaza kwanza, kuunga mkono baadaye. Kinachoungwa mkono tayari kipo. Na kinachotangazwa si vita yenyewe, ni kuwapo kwa hali yake, kama mtu anayetangaza kwamba mvua inanyesha. Hata Nyerere, alipozungumza tarehe 2 Novemba 1978 baada ya Idi Amin kuivamia Kagera, alihesabu uwezo, sababu na nia. Ruhusa haikuwa ya nne. Kenya nayo iliyaita mashambulizi yake ya Oktoba 2011 nchini Somalia « Linda Nchi ». Anayelinda hatangazi.

Turudi kwetu. Tarehe 18 Desemba 2023, akifunga kampeni mjini Kinshasa, Félix Tshisekedi aliahidi kwamba Rwanda ikiendelea na uchokozi angeyaita mabaraza mawili katika Kongresi na kuomba idhini ya kutangaza vita. Alikumbuka utaratibu vizuri: kifungu cha 119 kinaliweka jambo hilo katika Kongresi. Goma ikaanguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na vita haikutangazwa. Kilichopita mbele ya wabunge mara nyingi tangu Mei 2021 ni kurefusha « état de siège » ya Ituri na Kivu ya Kaskazini, siku 15 kwa siku 15. (Tafsiri ya « hali ya kuzingirwa » inapotosha: kwa kauli ya kutendwa, msikilizaji anafikiri adui ndiye ametuzingira.)

Lakini jeshi linapigana, na Katiba hailikatazi. Kifungu cha 187 kinalipa kazi ya kulinda ardhi na mipaka ya nchi. Kumzuia mvamizi hakuhitaji kura. Ndiyo maana Kiswahili kinatudai maneno mawili pale tunapotumia « vita » moja: mapigano, ambayo yapo, na vita iliyotangazwa, ambayo haipo.

Kifungu cha 142, jirani wa 143, kinaidai Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Kiswahili ni mojawapo. Mama yule alikuwa na haki ya jibu kwa lugha yake, nami nilichelewa siku mbili kulipata. Nilimwambia: « Mama, vita habajaiidhinisha, wala hakuna mwenye alibaomba. Mutoto anapigana kwa sababu nchi inaingiliwa. » Akauliza kama kuna tofauti kwa mtoto mwenyewe.