Mbunge Aliyeingia Kafr Qasim

Leo tunasoma habari za Tawfik Toubi, Mwarabu aliyekuwa mbunge katika nchi ya Israeli.

Alizaliwa mjini Haifa mwaka 1922. Israeli ilipoanzishwa mwaka 1948, Waarabu waliobaki humo wakawa wachache. Walipewa kura. Lakini mpaka mwaka 1966 wengi wao walikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtu akitaka kwenda mji mwingine kutafuta kazi, sharti apate kibali. Kura anayo, ruhusa ya njia hana!

Bunge la nchi hiyo huitwa Knesset. Lina viti 120. Mwaka 1949 Waarabu walioingia walikuwa 3 tu. Toubi alikuwa mmoja wao, kwa Chama cha Kikomunisti.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tarehe 29 Oktoba 1956 Israeli ilianza vita na Misri. Siku hiyo mzee wa kijiji cha Kafr Qasim aliambiwa saa 10 na nusu jioni kwamba kuanzia saa 11 hakuna ruhusa kuwa nje. Mzee akasema, watu wako mashambani na kazini, hawana habari. Akajibiwa kwamba wataachwa wapite. Wapi! Askari wa mpakani waliwapiga risasi wakirudi nyumbani, wengine kwa baiskeli. Walikufa zaidi ya 40, wake kwa waume, na watoto pia.

Kijiji kikafungwa. Magazeti yakakatazwa kuandika. Basi mwezi Novemba Toubi na mbunge mwenzake Meir Vilner, ambaye alikuwa Myahudi, wakapenya wakaingia. Wakawasikiliza watu. Toubi akaandika waraka wa yale aliyosikia, nakala zikafikia mamia ya watu wenye sauti nchini. Haukupita muda, mwezi Desemba waziri mkuu akalieleza bunge.

Mwaka 1958 mahakama iliwafunga askari 8. Kufika mwaka 1960 wote walikuwa wametoka. Sisi tunaona adhabu hiyo ilikuwa ndogo mno.

Toubi alikaa bungeni mpaka mwaka 1990, yaani miaka 41. Alifariki mwaka 2011.

Jadilini kikundini: kwa nini Toubi aliandika waraka, asitegemee hotuba ya bungeni peke yake?