Supu ya Kombu Kila Siku: Je, Ni Salama kwa Mjamzito?

*Ninasoma Sapporo, Japani, na nina ujauzito. Mama mwenye nyumba hutupikia supu ya kombu kila siku. Je, itamdhuru mtoto? – Msomaji*

Wasiwasi wa msomaji huyu una msingi, ila asitishike. Kombu, mwani wa kahawia wa bahari baridi, hufyonza madini joto (iodini) majini na kuyalimbikiza. Gramu 1 ya kombu kavu inaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 2,000 za madini hayo, ilhali mjamzito anahitaji takriban 250 kwa siku.

Madini joto yakizidi kwa muda mrefu, huvuruga tezi ya thairoidi ya mama, hata ya mtoto.

Madini hayo huyeyukia kwenye mchuzi, hivyo kuondoa majani pekee hakutoshi. Badala ya kombu, supu ipikwe kwa uyoga mkavu au samaki mkavu. Kombu ibaki ya mara mojamoja, ichemshwe na maji yake yamwagwe. Mwani wa nori una madini joto machache zaidi. Mwani wa hijiki uepukwe kabisa, kwani una aseniki.

Shingo ikivimba, moyo ukienda mbio au uchovu ukizidi, amwone daktari mapema. Kliniki ya wajawazito nayo iambiwe kuhusu supu hiyo. Kipimo cha damu kitaonyesha hali ya tezi.