Ruzuku ya Ulinzi: Karatasi Kwanza, Fundi Baadaye

Barua ikifika kwamba msikiti au kanisa lenu limepata ruzuku ya ulinzi, kishawishi cha kwanza ni kumpigia simu fundi wa kamera. Usimpigie. Fedha hizi huponyoka zaidi baada ya barua kuliko kabla yake, na mara nyingi huponyoka kwa sababu ndogo: kazi halali kabisa ilifanywa mapema mno.

Nazungumzia mpango wa serikali ya Marekani wa kulinda mashirika yasiyo ya faida, unaosimamiwa na FEMA, shirika lake la kukabiliana na maafa. Una mafungu mawili. Moja ni la miji mikubwa iliyoorodheshwa kuwa na hatari kubwa ya ugaidi, kama New York, Chicago, Houston na Washington. La pili ni la maeneo yaliyo nje ya miji hiyo. Katika mwaka wa fedha 2024 kila jengo liliweza kuombewa hadi dola 200,000. Jamaa zetu wengi wanasali katika miji hiyo, na mara nyingi anayebebeshwa mzigo wa ruzuku ni mweka hazina wa kujitolea anayetoka kazini jioni. Haya ni yake.

Elewa kwanza kwamba FEMA haikutumii hundi. Fedha hupitia ofisi ya jimbo inayosimamia ruzuku za usalama, nanyi mnaingia mkataba na ofisi hiyo. Kwa kawaida utaratibu ni wa kurudishiwa: mnalipa, mnapeleka ushahidi, mnangoja. Kungoja huku si kwa siku mbili. Mwanzoni mwa 2025 malipo ya ruzuku nyingi za FEMA yalisimamishwa yakaguliwe, na mashirika yaliyokuwa yameshawalipa mafundi yakabaki yameduwaa. Kwa hiyo ulizeni mapema kama jimbo lenu linatoa malipo ya awali. Likikataa, gawanyeni kazi kwa awamu: milango kwanza, mdai, kisha kamera, mdai. Msikiti unaokwepa riba unaweza kukopa karadha kwa waumini, lakini iandikwe na tarehe ya kulipa iwekwe kwa uangalifu, maana serikali haifuati ratiba ya mkopeshaji wenu.

Sasa turudi kwa fundi. Kabla ya kutoboa ukuta au kuchimba shimo la nguzo ya uzio, FEMA hupitia mradi kuona kama unagusa mazingira au jengo la kihistoria. Jumuiya zetu nyingi zimenunua makanisa ya zamani na maduka ya zamani, kwa hiyo msidhani hili haliwahusu. Pelekeni picha za jengo pande zote, mwaka lilipojengwa, mahali hasa kila kifaa kitakapofungwa na kina cha shimo kama lipo. Kisha subirini kibali cha maandishi. Kazi iliyoanza kabla ya kibali hailipwi, hata kama kibali kingetolewa bila shida yoyote. Vilevile kilichonunuliwa kabla ya ruzuku kuanza rasmi ni chenu, na gharama yake ni yenu.

Kamera zina mtego wake. Sheria ya Marekani inakataza fedha za serikali kununua vifaa vya ulinzi vya Hikvision na Dahua, pamoja na vya mawasiliano vya Huawei na ZTE. Tatizo ni kwamba kamera nyingi za bei nafuu zimetengenezwa na viwanda hivyo kisha zikabandikwa jina jingine. Mtakeni muuzaji athibitishe kwa maandishi nani aliyetengeneza kifaa, na barua hiyo ikae kwenye faili.

Kisha kuna mpwa wa mwenyekiti, ambaye kila jumuiya inaye, na ambaye ana kampuni ya kamera. Pengine ni fundi hodari kuliko wote mjini. Lakini kanuni za manunuzi haziruhusu mwenye ndugu wa karibu kwenye zabuni kushiriki kuamua, wala aliyeandika vigezo vya kazi kushindania kazi hiyo hiyo. Mwenyekiti atoke kikaoni, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Manunuzi madogo yana utaratibu mwepesi. Yakipita kiwango kilichowekwa, tafuteni kotesheni kadhaa, na angalieni kanuni za jimbo, kwani zinaweza kuwa kali zaidi.

Lipeni kwa hundi au uhamisho kutoka akaunti ya shirika. Kadi binafsi ya mweka hazina, hata kwa nia njema, huzua maswali yasiyokwisha. Kila dai liwe na ankara, ushahidi kwamba benki imelipa, na picha ya kifaa kikiwa mahali pake. Na kila kitu kifungamane na udhaifu mliouandika kwenye tathmini wakati wa kuomba. Mwaka 2012 Seneta Tom Coburn alitoa ripoti kuhusu ruzuku za usalama wa ndani, na watu hadi leo wanakumbuka mashine 13 za kutengeneza barafu tamu zilizonunuliwa Michigan. Utetezi ulikuwa kwamba barafu ingewafaa walioumia kwa joto. Nadhani waliouandika waliuamini, ila msomaji wa gazeti hakuuamini.

Bei zikipanda kati ya kuomba na kulipa, nanyi mkaona afadhali kuacha uzio na kuongeza milango, msibadilishe kimya kimya. Andikeni barua kwa ofisi ya jimbo na mngoje jibu. Muda wa mradi kwa kawaida ni miezi 36, ambao huonekana mrefu hadi kibali kinapochelewa na kamati ikabadilika katikati. Kwa sababu hiyo faili lisikae kwenye kompyuta ya mtu mmoja, wala nywila isiwe kichwani mwa katibu aliyehamia jimbo jingine.

Mradi ukifungwa, hifadhini nyaraka kwa miaka isiyopungua mitatu na wekeni daftari la vifaa: jina, namba ya kifaa, kilipofungwa, bei, fedha zilikotoka na hali yake. Kifaa kikihamishwa au kikiharibika, daftari liandikwe siku hiyo hiyo. Na kabla ya kuuza au kugawa chochote, hata kamera kuukuu, iulizeni kwanza ofisi ya jimbo.