Pweza, Ngisi na Dome

Mkulima mmoja wa skimu ya makazi huko pwani, mzaliwa wa bara, aliletewa pweza na jirani yake. Akamtazama sana, kisha akauliza, "Huyu ni samaki gani asiye na mifupa?" Swali lake ni zuri, nasi twalijibu mwezi huu.

Pweza si samaki. Ni ndugu wa konokono yule alaye kabichi zako usiku. Wote wawili wana mwili laini usio na uti wa mgongo. Lakini konokono hubeba nyumba yake, na pweza hana nyumba ya kubeba. Wataalamu huiita jamii ya pweza kefalopoda, yaani "miguu kichwani", kwa kuwa mikono yao huota kuzunguka mdomo. Duniani ziko aina 800 hivi, na zote huishi katika maji ya chumvi. Basi usimtafute pweza katika Ziwa Victoria.

Huku pwani twawaona hasa watatu:

1. Pweza ana mikono minane.

2. Ngisi ana mikono minane, na mingine miwili mirefu ya kukamatia chakula. Ndani ya mwili wake mna kitu chembamba kama plastiki.

3. Dome ana mikono kama ya ngisi, lakini ndani mna gamba jeupe, jepesi. Gamba hilo huokotwa ufuoni, nalo ni chokaa. Lioshe vizuri kwa maji yasiyo na chumvi, ulisage, uwape kuku wanaotaga, ili maganda ya mayai yawe magumu.

Kila mmoja wao ana mioyo mitatu: miwili husukuma damu mashavuni pa kupumulia, na mmoja huipeleka mwilini. Damu yao ni ya buluu, kwa sababu ina shaba mahali pa chuma. Mdomo wao ni mgumu kama wa kasuku. Wakiogopa hutoa wino, wakakimbia.

Sasa shika neno hili. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Huyalinda mayai pangoni bila kula, na watoto wakitoka yeye hufa. Ukimtoa kabla ya hapo, umeua maelfu. Mkulima mwenye akili hasagi mahindi yake ya mbegu. Maji yakipwa, ukimkuta pweza amelalia mayai, mwache.

Maswali: Pweza na konokono wafanana kwa jambo gani? Gamba la dome lafaa nini nyumbani kwako?