Hesabu za soko anazijua, dikte inamshinda

Mama wa Kadutu,

Katika barua yako kuna jambo moja lililonishika: mtoto wako wa miaka kumi anarudishia wateja chenji ya maharage bila kukosea, tena anakukumbusha nani bado ana deni lako, lakini akipewa kitabu cha Kifaransa asome, jasho linamtoka. Amerudia darasa, na buletini inasema ni mvivu. Mvivu gani huyo wa kutokwa jasho kwa ukurasa mmoja?

Hizo ni dalili za disleksia, ingawa kuithibitisha ni kazi ya mtaalamu aliyemwona mtoto. Si ugonjwa wa macho, si upungufu wa akili, wala hakuna mtu aliyemroga, hata shangazi yake aseme nini. Ni kwamba ubongo wake unapata shida kuunganisha herufi na sauti, na mara nyingi shida hiyo hutembea katika ukoo. Muulize baba yake, kwa upole, yeye alisomaje. Jambo hili si geni: mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za Percy, kijana wa miaka 14 ambaye kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angewapita wenzake wote shuleni.

Unauliza kama umpeleke Heri Kwetu. Kituo hicho kinawasaidia watoto wengi wenye ulemavu hapa Bukavu, lakini mimi ningemwacha shuleni kwake, wabadilishe namna ya kumfundisha. Sheria ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Direkta akianza kubishana kama disleksia ni ulemavu au si ulemavu, usimfuate huko. Shika Katiba, kifungu cha 43: elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma. Mtoto anayekaa darasani miaka bila kufundishwa kusoma hajaipata elimu hiyo.

Nenda kwa direkta na barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Tangu masomo yawe ya bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, kwa hiyo omba yale ambayo mwalimu aliyechoka anaweza kuyafanya: mtoto akae mbele, asisimamishwe kusoma kwa sauti kabla hajajiandaa, aongezewe muda wa mtihani, na historia ajibu kwa mdomo. Wakikuzungusha, peleka nakala yako kwa komite ya wazazi. Ofisi za mji hazijatulia tangu mji ulipotekwa Februari 2025, najua. Komite iko karibu zaidi.

Nyumbani anza na Kiswahili, maana karibu kila herufi inasomeka inavyosikika. Kifaransa kinaandika sauti moja ya «o» kwa njia kadhaa, kama o, au, eau. Hata mtoto asiye na shida hupotea hapo. Mwandikie ba, be, bi kwa chaki sakafuni, afuatishe kwa kidole huku akitamka, dakika kumi na tano kila jioni kabla umeme haujakatika. Akichoka, acheni.

Na ile shule ya kulipia iliyokuahidi «kumnyoosha», usiipe hata franga kabla hujawauliza watamfundishaje. Wakikutajia fimbo, rudi nyumbani na pesa zako.