Somo la 12: Mwajiri Wako ni Nani?

Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu uko Bugarama, Wilaya ya Kahama. Mgodi huu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Wachimbaji wake hufanya kazi chini ya ardhi.

Katika migodi mikubwa, si kila anayeingia getini ameajiriwa na mgodi. Wengine wameajiriwa na wakandarasi. Mkandarasi ni kampuni inayopewa kazi maalumu, kama kupika, kulinda, kusafirisha watu au kuchoronga miamba. Vijana wawili wanaweza kupanda basi moja na kuvaa helmeti za aina moja. Lakini kila mmoja ana mwajiri wake.

Wakati wa uchaguzi, jambo hili huzungumzwa sana. Mgombea mmoja husema: "Chama chetu kimeleta mgodi. Wakandarasi nao wanawapa vijana wetu kazi." Mwingine hujibu: "Hizo si kazi, ni vibarua. Tupeni kura, wakandarasi wataondoka na kila kijana ataajiriwa na mgodi." Watu hupiga makofi na vigelegele. Nyumbani, ndugu hununiana kwa sababu ya vyama. Wachache tu huuliza: sheria inasema nini?

Sheria inasema hivi

Zamani baadhi ya mawakala waliwaajiri watu, kisha wakawapeleka kufanya kazi katika kampuni nyingine. Kampuni ilimlipa wakala, na wakala akamlipa mfanyakazi. Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za kuzuia jambo hilo. Wakala alitakiwa kumtafutia mtu kazi tu, asiwe mwajiri wake.

Mkandarasi si wakala. Yeye ana kazi yake na wafanyakazi wake, na sheria inamruhusu. Lakini kanuni za madini za mwaka 2018 ziliagiza Watanzania wapewe nafasi ya kwanza katika kazi za migodi. Agizo hilo linawahusu wakandarasi pia.

Kwa hiyo, anayeahidi kuwaondoa wakandarasi aeleze ni sheria ipi itabadilishwa. Anayewasifu wakandarasi aeleze nani anakagua mikataba yao.

Soma mkataba wako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Maelezo hayo yataje kazi yenyewe, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na mshahara. Kama huyaelewi, mwajiri lazima akueleze kwa njia unayoielewa. Usione haya kuuliza. Ni haki yako.

Tuseme kijana anapika chakula katika kambi ya mgodi. Siku moja anaachishwa kazi. Anakwenda getini kulalamika. Anaambiwa, "Wewe si mfanyakazi wetu." Anazunguka huku na huku kwa wiki 5. Kumbe sheria ilimpa siku 30 tu za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sasa lazima kwanza aombe kukubaliwa ingawa amechelewa, na anaweza kukataliwa. Kama angesoma jina la mwajiri katika mkataba, angejua tangu siku ya kwanza ni nani wa kumdai.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni mali. Tunza nakala ya mkataba wako.

Maneno ya kujifunza

mkandarasi – kampuni au mtu anayepewa kazi maalumu kwa mapatano
wakala – mtu au kampuni inayomtafutia mtu kazi
mkataba – mapatano yanayowafunga mwajiri na mfanyakazi
shauri – madai yanayopelekwa mbele ya tume au mahakama

Maswali

1. Mkandarasi na wakala wanatofautianaje?
2. Aliyeachishwa kazi ana siku ngapi za kupeleka shauri lake?
3. Kwa nini kijana mpishi alichelewa?
4. Mgombea akija kijijini kwenu, wa chama chochote, mtamwuliza maswali gani kuhusu ajira? Jadilianeni, kisha andikeni maswali 3.

Zoezi

Andika sentensi hii mara mbili kwa mwandiko mzuri: Nitasoma mkataba kabla ya kutia sahihi.